Tabia Njema kwa Mtu Asiye na Dini: Jawabu la Suala

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akamjaalia utambuzi wa jema na ovu. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baadu.

Limetufikia suala la ndugu mmoja wa mwambao afanyaye biashara ya asali katika mkoa wa Singida, wilaya ya Mkalama, upande unaoteremkia Ziwa Eyasi. Hununua asali kwa Wahadzabe, ambao majirani zao wengine huwaita Watindiga, kisha huipeleka mjini kuiuza. Asema kuwa wenzake wa biashara wamemfundisha kupimia kwa dumu lililotanuliwa, ambalo huitwa la lita 20 na hali laingia zaidi ya hizo. Alipoingiwa na shaka walimwambia: hawa hawaswali wala hawafungi, hawana kitabu wala hawamjui Mtume, halali na haramu kwao ni mamoja, asiye na dini hana akhlaki, na asiye na akhlaki hapana akhlaki juu yake. Naye auliza: je, maneno haya yana asili katika dini yetu?

Suala hili ni masuala mawili yaliyofungwa kamba moja. La kwanza ni kama asiye na dini aweza kuwa na tabia njema. La pili ni haki yake juu yetu, awe nayo tabia hiyo au asiwe nayo. Wenzake wamelitumia la kwanza kuwa mlango wa kuingilia la pili, na mlango huo ni wa uwongo, kama tutakavyobainisha inshallah.

Tuanze na watu wenyewe, kwani si uadilifu mtu kuhukumiwa kwa sifa aliyopewa na mnunuzi wake. Wahadzabe ni watu wachache, wapata elfu moja na zaidi kidogo, wakaao pande za Ziwa Eyasi; wengine wamo katika mikoa ya jirani, na walio upande wa Singida wako Mkalama, katika sehemu kama Munguli. Lugha yao ina sauti za kugonga ulimi, na wataalamu hawajapata lugha nyingine iliyothibiti kuwa ni ndugu yake. Chakula chao cha asili ni asali, mabuyu, matunda ya mwituni, mizizi wanayoichimba wanawake, na nyama wanayoiwinda wanaume kwa upinde na mishale ya sumu. Hawana mfalme wala jumbe. Hukaa kwa madago, kama wavuvi wetu wapigapo dago, na riziki ikipungua mahali huhama.

Wameandikwa na watu waliokaa nao miaka mingi. James Woodburn, Mwingereza, alianza kukaa nao mwishoni mwa miaka ya 1950. Na Frank Marlowe, Mmarekani, kitabu chake juu yao kilitoka mwaka 2010. Nao wote wawili wameeleza kuwa mtu akiua mnyama mkubwa, nyama ile si yake peke yake. Hugawanywa kwa dago zima, na asiyekwenda kuwinda hupata, na mzee hupata, na mjane hupata, na mwindaji hana amri ya kumnyima mtu. Sisi tuna kitoweo, apewacho mtu aliyesaidia kuvuta jarife pwani. Walakini kwetu huyo amevuta, na kwao hata asiyevuta ana fungu lake.

Asiseme mtu kuwa hawana itikadi kabisa. Wana habari za Haine na Ishoko, wanaohusishwa na mwezi na jua. Wana ngoma ya usiku wa giza iitwayo epeme, na sehemu fulani za mnyama mkubwa huliwa kwa siri na wanaume waliokwisha kuingizwa katika daraja hiyo. Na asiyestahiki akila, huamini kuwa yatawapata maradhi au msiba. Leo pia wamo miongoni mwao waliosikia mahubiri ya Kikristo. Lakini Marlowe ameandika kuwa katika mila yao ya asili hakukuta makuhani, wala nyumba za ibada, wala mafundisho ya Mungu anayewalipa watu kwa wema na ubaya wanaotendeana, na wengi wao hawakuwa na itikadi ya maisha baada ya kufa. Basi hawa ndio watu ambao mgawanyo wao wa nyama hautoki katika hofu ya Moto wala tamaa ya Pepo. Na bado wanagawana.

Hapa atasimama mwanafunzi wa madrasa aseme: sisi watu wa mwambao wengi wetu ni Mashafii katika fiqhi na Maash'ari katika itikadi, na Maash'ari wamesema kuwa hapana jema wala baya kabla ya sharia, Muutazila ndio waliosema kuwa akili peke yake hujua jema ikaliwajibisha. Je, huko si kusema kuwa asiye na sharia hana jema?

Ewe mwanafunzi, umelishika neno ukaiacha maana yake. Wanavyuoni wa usuli wamebainisha kuwa neno jema na neno baya hutumika kwa maana tatu. Huitwa jema lile lililo ukamilifu, kama elimu, na baya lile lililo upungufu, kama ujinga. Huitwa jema linaloafikiana na maumbile ya mtu na makusudio yake, na baya linalokimbiwa na nafsi. Na huitwa jema lile ambalo mtendaji wake hupata sifa na thawabu kwa Mwenyezi Mungu, na baya lile ambalo mtendaji wake hustahiki adhabu. Katika maana mbili za mwanzo hapana ugomvi, zote hujulikana kwa akili. Ugomvi wa Maash'ari na Muutazila ni katika ile ya tatu, yaani wajibu na malipo. Na Mamaturidi wamekaa baina yao, wakisema kuwa akili hutambua baadhi ya mema na mabaya, ila hukumu ni ya Mwenyezi Mungu.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, yaani 1111, naye ni nguzo ya Maash'ari, amelijadili jambo hili katika Mustasfa. Ametaja hoja ya wapinzani wake: mfalme mkubwa amwona mnyonge anayekaribia kuangamia, naye humwokoa, hata akiwa mfalme huyo haamini dini wala hatarajii malipo. Ghazali hakusema kuwa jambo hili halitokei. Alisema kuwa sababu yake ni huruma ya mtu kwa aliye jinsi yake, kwani hujikadiria nafsi yake katika shida ile, akachukia asiokolewe. Basi tazama: imamu wetu akanusha kuwa huruma hiyo ni sharia, wala hakanushi kuwa ipo. Na katika Faisal at-Tafriqa amewagawa watu wasio Waislamu mafungu matatu. Na wale ambao jina la Mtume halijawafikia kabisa, na wale waliofikiwa na habari zake kwa sifa za uwongo, akatarajia kuwa wana udhuru mbele ya Mwenyezi Mungu. Mtu asiwatangulie wanavyuoni kwa kuwatia watu Motoni ili apate kuwaibia asali.

Na Qurani yenyewe yashuhudia. Katika Sura ya Shamsi Mwenyezi Mungu ameapa kwa nafsi, akataja kuwa ameitia utambuzi wa uovu wake na ucha Mungu wake. Wala hakusema nafsi ya Mwislamu.

Kisha itazame Makka kabla ya Utume. Mtu mmoja wa Zabidi, katika nchi ya Yemen, alileta bidhaa zake Makka, na Aasi bin Wail akazinunua, akamnyima thamani yake. Mgeni yule hakuwa na ukoo pale. Alipanda mlima Abu Kubais akapiga kelele ya dhuluma, na baadhi ya koo za Kikureshi wakakutana katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an, wakaapa kuwa mkono mmoja pamoja na mwenye kudhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni, hata apate haki yake. Ndicho kiapo kiitwacho Hilful Fudhul. Waliokiapa walikuwa wenye kuabudu masanamu. Bwana wetu Muhammad alikuwapo naye ni kijana, na baada ya kupewa Utume alikisifu kiapo kile, akasema kuwa lau angeitwa kwa kiapo mfano wake katika Uislamu angeitika. Ndugu mwenye dumu na asome kisa hiki mara mbili, kwani ni kisa cha mnunuzi mwenye nguvu na muuzaji asiye na wa kumtetea.

Tena Bibi Khadija, siku ile Mtume aliporejea kutoka Hira na hali anatetemeka, alimtuliza kwa nini? Aya za sharia zilikuwa hazijateremka. Alimhesabia matendo yake: huunga jamaa, huwachukulia wanyonge mizigo yao, hukaribisha wageni, na kwa sababu hiyo akakata shauri kuwa Mungu hatamfedhehesha. Yaani aliujua wema kwanza, na kwa wema akaujua Utume. Lau wema usingejulikana ila kwa dini, bibi huyu angeijuaje dini kuwa ni njema? Na Mtume amesema, kwa maana yake, kuwa ametumwa kutimiza tabia zilizo tukufu. Na hakitimizwi ila kitu ambacho sehemu yake imekwisha kuwapo.

Baada ya haya yote, wako watu wa siku hizi, na wengine ni vijana wetu waliosoma, wasemao: basi dini ya nini, ikiwa watu wa Eyasi hugawana nyama bila ya dini? Hawa nao wamepita mpaka kwa upande wa pili.

Twawajibu kwa habari ya Abu Sufiani. Alipokuwa bado mshirikina alifika kwa Hirakli, mfalme wa Rumi, akaulizwa habari za Mtume mbele ya wenzake waliosimama nyuma yake. Baadaye alisimulia mwenyewe kuwa lau si kuona haya wenzake wasije wakamtangaza kuwa ni mwongo, angesema uwongo. Hiyo ndiyo tabia njema isimamayo kwa macho ya watu. Ni njema, kwani siku ile ilimpa Hirakli ukweli. Lakini macho yale yangeondoka, Abu Sufiani angesema nini?

Marlowe alifanya jaribio huko kwa Wahadzabe. Mtu hupewa fedha kidogo na kuambiwa azigawe baina yake na mtu mwingine wa dago lake, wala mwenziwe hatajua ni nani aliyemgawia. Watu hawa, ambao nyama hawanyimani, walitoa kidogo kuliko watu wa jamii nyingi nyingine zilizojaribiwa; na wa madago makubwa walitoa zaidi kuliko wa madago madogo. Ya mwaka 2010 yaliyokusanywa na Joseph Henrich na wenziwe katika jamii 15 za dunia yalionyesha kuwa wenye kufuata Uislamu au Ukristo walikaribia zaidi kumgawia sawa mtu wasiyemjua. Na vivyo hivyo wale waliozoea kupata chakula chao sokoni. Sijengi itikadi juu ya fedha chache za mchezo, na sifurahii kuwaona Waislamu wakijisifu kwa jambo ambalo soko nalo lina fungu lake. Tena fedha si nyama, na mgeni mwenye daftari si jirani. Nimelitaja kwa kuwa layafanana na habari ya Abu Sufiani: wema wa dago hulindwa na dago.

Basi dini imeleta nini? Imeleta Jicho lisiloondoka, lililo pamoja na mtu usiku peke yake na dumu lake. Imeleta nia, hata tendo liwe kwa ajili ya Mungu na si kwa ajili ya sifa. Na imeleta malipo ya Akhera. Yule Ibn Jud'an, mwenye nyumba iliyoapiwa Hilful Fudhul, Bibi Aisha alimwuliza Mtume juu yake: alikuwa akiunga jamaa na kulisha maskini, je, yatamfaa? Akajibiwa kuwa hayatamfaa, kwa kuwa hakupata hata siku moja kumwomba Mola wake msamaha wa Siku ya Malipo. Na Hakim bin Hizam, aliyefanya sadaka na kuacha huru watumwa zama za ujinga, aliposilimu na kuuliza, aliambiwa kuwa amesilimu pamoja na kheri aliyoitanguliza. Hadithi zote mbili ni sahihi. Ukizikutanisha utaona kuwa katika zote mbili wema wa matendo yale haukukanushwa. Kilichotofautiana ni malipo tu, na malipo si kazi ya mfanya biashara wa asali kuyagawa.

Sasa tulifikilie suala la pili, nalo ndilo linalotuhusu sisi wenyewe.

Neno la wale wafanya biashara, kwamba asiye na kitabu hapana lawama katika mali yake, si neno jipya. Mwenyezi Mungu amelitaja katika Sura ya Aal Imran, aya ya 75. Amewataja watu katika Ahlul Kitab, akasema kwamba wako miongoni mwao ambao ukiwaamini kwa mrundo wa mali watakurudishia, na wako ambao ukiwaamini kwa dinari moja hawakurudishii ila umewasimamia. Na sababu ya hawa wa pili ni kuwa walisema hapana njia ya kulaumiwa katika mambo ya wasiojua kitabu. Nao waliokuwa wakiitwa wasio na kitabu ni nani? Ni Waarabu, watu wa Mtume wetu. Mwenyezi Mungu akaliita neno lile kuwa ni kumzulia Yeye uwongo, na hali wanajua. Leo neno lile lile limetoka katika kinywa cha Mwislamu, na asiye na kitabu ni Mhadzabe.

Wala si mara ya kwanza sisi kulisema. Misafara ya mwambao iliyokwenda Unyanyembe ilipita Ugogo, kisha ikakata ile nyika kali ya Mgunda Mkali, ambayo leo imo kusini ya mkoa huu wa Singida, pande za Manyoni na Itigi. Ilirudi na pembe za ndovu, na ilirudi na watu. Wako wakuu wa bara waliouza watu, hilo halifichiki. Lakini wanunuzi wetu walikuwa watu wa swala, na wengine walihitimu Qurani. Nao waliijua au wangeweza kuijua hadithi iliyo katika Bukhari, kuwa miongoni mwa watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mshitaki wao Siku ya Kiyama ni mtu aliyemwuza mtu huru akala thamani yake. Mtoto aliyenyakuliwa shambani kwao ni mtu huru. Iliwezekanaje basi? Iliwezekana kwa neno moja, mshenzi. Tulisema sisi ni waungwana na wao ni washenzi, na neno hilo likafanya kazi ambayo fatwa isingeweza kuifanya. Sayyid Barghash alilifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873 kwa kushurutishwa na Waingereza. Yatuumiza kuandika kuwa dhuluma iliyokatazwa katika vitabu vyetu ilikomeshwa kwa manowari za watu wengine, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kwa hiyo, ndugu muulizaji, jihadhari na mtu akuambiaye kuwa fulani hana akhlaki kwa kuwa hana dini. Mara nyingi hataki kukufundisha habari za fulani. Ataka kukuondolea hofu juu yake.

Ama sharia yenyewe katika vipimo, haina mlango wa kuponyokea. Katika Sura ya Mutaffifin adhabu imeahidiwa kwa wale ambao wakijipimia kwa watu hutaka kutimiziwa, na wakiwapimia wao hupunguza. Lililotajwa ni watu, si Waumini. Nabii Shuaibu aliwakataza watu wa Madyana wasiwapunguzie watu vitu vyao, na hapo pia ni watu. Mufasirina wametaja kuwa aya za Sura ya Nisaa, kuanzia ya 105, ziliteremka kumtakasa Myahudi aliyesingiziwa wizi ili aokoke mtu wa Madina aliyejidhihirisha kuwa Mwislamu. Na usiku wa Hijra, makafiri wamekwisha kupanga kumwua, Mtume alimwacha Sayyidna Ali nyuma Makka ili azirudishe amana za watu. Za nani? Za hao hao Makureshi. Basi ikiwa amana ya mwenye kukutakia mauti hurudishwa, asali ya mtu aliyepanda mbuyu na kuumwa na nyuki, kisha akakuuzia kwa kukuamini, itapunjwa kwa hoja gani?

Hukumu ni hii. Kila ulichozidisha kwa dumu lile ni mali ya watu iliyo mikononi mwako, na toba kwa Mwenyezi Mungu haitimii mpaka irudi kwa wenyewe. Pima dumu kwa kipimo cha haki ujue laingia ngapi. Hesabu safari zako. Asali ikiwa imekwisha kuuzwa, lipa mfano wake au thamani yake. Usiseme kuwa wamehama dago, kwani dago kuhama si watu kutoweka. Uliza Munguli, utaonyeshwa. Aliyekufa, wape jamaa zake. Ukikata tamaa kabisa ya kumpata mmoja wao au mrithi wake, toa sadaka kwa niaba yake, nawe ukiwa na nia ya kumlipa akionekana. Usiwafiche sababu ya fedha unazowapa, wakadhani ni zawadi wakakushukuru.

Na lile dumu usimwuzie mfanya biashara mwingine. Litoboe.

Wallahu aalam.